Ushuhuda wa Mama Mbele ya Kamati ya Michezo

Sheria yenyewe ni fupi. Mwanafunzi wa sekondari akihamia shule nyingine akiwa vidato vya juu, haichezei hiyo shule mpya mpaka mwaka mzima upite. Iliwekwa ili kuzuia wizi wa wachezaji, na wizi upo, sitajifanya siujui. Huku kwetu kuna shule ambazo kila Januari huokota wasichana warefu kutoka mabonde yote, zikawapa sare na kitanda, na muhula wa pili ukiisha zinapiga picha na vikombe. Kwa hivyo nani atailaumu kamati ikiwa na macho makali? Mimi. Nitailaumu mpaka nizeeke, na sababu ninazo.

Nilikuwa kidato cha nne. Mtu wa kidato cha nne akiambiwa angoje mwaka, ameambiwa aende nyumbani.

Mchezo wangu ulikuwa voliboli, na kazi yangu ilikuwa seta, yule anayewainulia wenzake mpira ili waupige. Ni kazi ambayo watazamaji hawaioni. Wanamshangilia anayepiga, na wewe uliyempa mpira unarudi mahali pako kimya kimya. Lakini makocha wanaiona. Kwenye mashindano ya kaunti hufika makocha wa timu za askari na za kampuni kubwa, wanasimama kando na kofia zao, wanachagua wasichana wanaomaliza shule. Ukichaguliwa, umeandikwa kazi. Mmoja wao aliniona nikiwa kidato cha tatu, nikichezea shule ya kwetu Subukia. Aliniambia, "Wewe endelea kucheza hivyo hivyo. Next year nitakuja kukuangalia tena." Chuo kilikuwa ndoto ya watu wengine, kwa hivyo maneno ya yule mtu ndiyo niliyoyashikilia.

Kisha baba akafariki. Matanga hayakuwa yamepoa vizuri ndugu zake wakaanza. Walianza na ng'ombe, wakaja kwa mahindi, na Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani tukakuta kufuli mpya mlangoni na vyombo vyetu vimepangwa uani vizuri sana, hata sufuria zimefunikwa. Bonde zima lilijua. Majirani walitupa pole kwa sauti ya chini kisha wakaingia kwao kukamua.

Tulihamia Lanet, pembeni ya mji, chumba kimoja karibu na binamu yake mama. Mama akapata nyumba za kufua nguo Milimani, mtaa wa wenye pesa. Mimi niliingia shule ya kutwa iliyokuwa karibu, kwa sababu ilikuwa karibu. Mwalimu mkuu alisikia yaliyotupata, akasema nisome tu, mambo ya karo tutayaongea hali ikitulia. Hakuna aliyejua kwamba nacheza. Madam wa michezo aliniona kwa bahati siku moja nikirudisha mpira uliotoka nje ya uwanja, akaacha alichokuwa akifanya. Wiki iliyofuata alinitafutia viatu vya mitumba vilivyonitosha kabisa.

Madam aliijua sheria, na alijua pia kwamba ina mlango mmoja. Kama mzazi amehama kwa sababu ya kweli, mtoto anaruhusiwa, mradi mzazi mwenyewe afike mbele ya kamati aeleze. Akaja nyumbani siku moja kabla ya mashindano, akakaa kwenye kitanda kwa kuwa hatukuwa na kiti.

"Mama, hakuna maneno mengi," akamwambia. "Wewe sema tu ukweli. Sema mlifukuzwa kwa shamba."

"Nimesikia, mwalimu," mama akasema, akamwongezea chai.

Kama hujawahi kuona ukaguzi wa wachezaji, ni hivi. Asubuhi, kabla ya mechi, kila timu inasimama kwa mstari, na walimu wa shule pinzani wanapita polepole mbele yenu wakiwaangalia nyuso. Hawakuangalii kama mtu, wanakuangalia vile mnunuzi anavyoangalia mbuzi sokoni. Anayemtilia mtu shaka anasimama na kunyoosha kidole. Mwalimu mmoja ambaye sikuwa namjua alisimama mbele yangu.

"Huyu si alikuwa Subukia?"

Nikatolewa kwenye mstari. Kamati ilikuwa imeketi chini ya hema, kwenye viti vya plastiki, wote walimu wanaume, na mmoja wao alikuwa mwalimu wangu wa michezo wa Subukia. Nilipomwona moyo ulitulia. Huyu ndiye aliyenitoa kwenye mbio akanipa mpira, akanifunza kwenye vumbi nyuma ya jiko la shule. Alikuwa amefika mazishini kwetu. Habari ya kufuli aliijua kuliko mtu yeyote pale.

Mama akaitwa. Alikuwa amejifunga kichwani kitambaa chake cha kanisani. Alisimama, na jinsi alivyosimama, mikono imekutana tumboni, nikajua tumeisha. Alikuwa amesimama kutoa ushuhuda, kama kanisani.

"Bwana asifiwe."

"Amina," kamati ikajibu kwa mazoea.

"Mimi kwanza nashukuru Mungu kwa hii siku. Nashukuru nyinyi walimu wote mahali mmeketi. Na zaidi nashukuru hii shule mpya ya mtoto wangu. Walimchukua na hawajawahi kunisumbua na fees. Huyu madam alimnunulia viatu vya kucheza, na mimi singeweza. Mungu awabariki sana."

Madam alifumba macho. Mwenyekiti wa kamati akaegemea mbele.

"Kwa hivyo, mama, shule ndiyo iliwasaidia kuhama?"

"Walitusaidia sana, mwalimu."

"Na Subukia mlitoka kwa nini?"

Mama aliangalia wale wanaume mmoja mmoja. Alipofika kwa mwalimu wa Subukia, mtu wa bonde letu, mtu ambaye jioni angerudi akutane dukani na ndugu za baba, akainamisha uso. Kwetu kanisani, ukipewa nafasi ya kuongea unashukuru. Malalamiko unampelekea Mungu, tena mkiwa wawili. Na mke aliyefiwa hasimami mbele ya wanaume kuwachafulia jina ndugu za mumewe, hata kama wamemlaza kwenye sakafu ya simiti.

"Tulitafuta tu mahali pazuri," akasema. "Maisha ni kusonga."

"Pazuri kwa masomo ama kwa games?"

"Kwa yote, mwalimu."

Niliinua mkono. "Naomba niseme kitu."

"Wewe ngoja," mwenyekiti akasema, wala hakuwa mkali. "Mzazi ndiye tunasikiza." Akamgeukia mwalimu wangu. "Wewe ulikuwa na huyu msichana. Kuna kitu unaweza add?"

Shule yake ilikuwa katika kundi moja na shule yetu mpya. Alijua mikono yangu kwa sababu ndiye aliyeifundisha, na alijua bila mimi timu yetu ingekuwaje. Aliizungusha filimbi kwenye kidole.

"Mzazi ameshajisemea," akasema.

Nimekutana na watu wabaya tangu wakati huo. Kwenye greenhouse ninakokata maua, upande wa Naivasha, kuna msimamizi anayetutukana tangu asubuhi hadi tutoke. Yule simchukii. Mtu anayekutukana angalau amekusemesha. Ninayemchukia ni yule mwalimu, kwa zile sekunde alizokuwa na sentensi moja ya kweli mdomoni akaimeza.

"Basi," mwenyekiti akasema. "Sheria iko wazi. Atakaa nje mwaka."

"Lakini ni form four," madam akasema. "Mwaka ukiisha atakuwa ametoka shule."

"Atakuwa ametoka, basi. Next."

Nilikaa benchi na sketi ya shule, nikiwashikia wenzangu chupa za maji. Mahali pangu aliwekwa msichana wa kidato cha pili. Tangu filimbi ya kwanza mipira ilimtoka kama sabuni. Sikumlaumu, masikini. Yule kocha wa mwaka uliotangulia alikuja kweli, kofia ile ile, na hilo ndilo lililoniuma kupita yote, kwamba alitimiza ahadi. Nilimsikia akimuuliza madam, "Yule seta wa Subukia alienda wapi?" Madam akaninyooshea mkono. Kocha akaniangalia nilivyokaa, akaniinamishia kichwa kidogo kwa heshima, akasogea uwanja wa pili kulikokuwa na watu wanaocheza.

Subukia walitushinda seti zote.

Mama alikuja akaketi kando yangu. Alikuwa ameelewa kwamba nimekataliwa, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa. Alikuwa amesimama mbele ya walimu wasomi bila kukwama, na hilo halikuwa jambo dogo kwa mwanamke aliyekuwa amenyamazishwa mwaka mzima.

"Sheria yao ni ngumu," akasema. "Lakini sikutaja mtu vibaya. Sikukuaibisha."

"Hukuniaibisha."

"Niliongea vizuri?"

Maneno yote nilikuwa nayo. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuyasema kwa sauti ambayo uwanja mzima ungesikia. Nikakiangalia kile kitambaa chake, jinsi alivyokipiga pasi.

"Uliongea vizuri, mum."

Akanipiga kofi dogo la gotini, akainuka. Alivuka uwanja polepole hadi walikokuwa watu wa Subukia, akamfikia mwalimu wangu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Aliongea naye kwa muda. Kutoka pale benchi sikuweza kumsikia, lakini nilijua. Alikuwa anamshukuru.