Msamaha wa Kodi

Mama yangu hajapata kuomba msamaha wa kosa asilolitenda. Nalisema hilo kwa kujivuna, ingawa mwaka ule lilikaribia kunitia wazimu.

Kikundi chetu cha wanawake kinalima mwani na kutengeneza sabuni, huku kaskazini mwa Pemba, si mbali na Konde. Mama ndiye mwenyekiti. Mimi ni katibu, na kazi ya katibu kwa mama ni kuandika anachokisema na kunyamaza. Wakati huo mwani tukiupanda wenyewe, tukiuvuna, tukiuanika, kisha tukiutwanga kwenye kinu mpaka uwe unga. Viganja vyangu vilikuwa vigumu kama vya mpasua mawe. Nikipeana mikono na watu harusini nawaona wanashituka, nami namwambia kila anayeshituka kwamba sabuni aliyoogea asubuhi imetoka humo.

Serikali ilipotenga eneo la viwanda upande wetu, hatukujihesabu. Tulisikia mle ndani kuna mabanda yenye umeme na maji, kodi ya pango ni ndogo, na mashine ya kazi haitozwi ushuru inapoingia nchini. Tukasema hayo ni mambo ya wawekezaji. Mwekezaji kwetu ni mtu anayeshuka kwenye gari lililofungwa vioo akauliza ufukwe mzuri uko wapi. Kumbe siku moja anakuja afisa kijana, mtoto wa Unguja kwa lafudhi yake, anatukuta tunaanika mwani na kutuambia kuwa wawekezaji ni sisi. Wenzangu walicheka mpaka wakashika viuno. Mimi sikucheka. Niliitazama kanga yangu iliyorowa maji ya chumvi, nikaona kwa nini nisiwe.

Wakati ule tulikuwa tumeshaagiza mashine ya kusaga mwani, na akiba yetu yote imekwenda humo. Afisa akatueleza vizuri. Tukijiandikisha kabla ya Ramadhani, tutapewa banda na mashine itatoka bandari ya Mkoani, kusini mwa kisiwa, bila ushuru. Tukichelewa, banda watapewa wengine, na ushuru itabidi tulipe, nasi hatukuwa na cha kulipia. Mashine ingebaki Mkoani, sisi tukabaki na michi yetu.

Akaja mara ya pili na karatasi. Tulikaa ukumbini kwa mama, kikundi kizima. Akasema hakuna kazi kubwa, mwenyekiti atie saini tu hapa chini, kuomba msamaha wa kodi.

Mama aliiweka kalamu chini. "Siye tumekosa kitugani?"

Afisa alidhani anafanyiwa mzaha, akacheka. Alicheka peke yake.

Msamaha kwetu ni neno zito. Mtu huomba msamaha anapokwenda Hija, anapopelekwa kupasuliwa, anapoona roho yake imefika shingoni. Siku za mwisho za Shaabani watu hupita nyumba kwa nyumba kusameheana kabla ya kufunga. Jirani yetu mmoja alikuja kwa miguu kutoka kijiji cha pili kumwomba mama radhi kwa ajili ya kuku aliyechinjwa zamani, ambaye mama alikuwa hamkumbuki hata rangi. Kwa hiyo mama akamweleza yule kijana, kwa upole kabisa, kwamba tozo za soko amelipa zote na hajapata kuficha hata polo moja la mwani. Akitia saini pale, wajukuu watakuja kusoma kwamba bibi yao aliiba kodi ya watu akasamehewa.

Kijana akajaribu njia nyingine. Akasema basi tuite unafuu wa kodi. Mama akamjibu kuwa nafuu hupata mgonjwa. Akasema serikali yenyewe huita vivutio. Mama akauliza kama yeye ni ng'ombe, wa kuvutwa. Hapo ukumbi ulivunjika kwa vicheko, na maskini yule kijana akakunja karatasi zake akaondoka bila kunywa chai.

Mambo yangeishia hapo yangekuwa rahisi. Lakini alipita Konde, akaingia mkahawani, na kwa hasira akasema wanawake wale hawajui jema lao. Maneno yalimfikia mama kabla ya jioni. Tangu hapo ukitaja lile eneo, mama anakutajia hali ya hewa.

Shaabani ikaanza kuyoyoma. Tukapata habari kuwa mashine imeshateremshwa Mkoani. Wanakikundi wakaanza kuninong'oneza mimi, kwa sababu mama hapana aliyethubutu kumnong'oneza. Mmoja mjane, mwenye watoto wanaosoma, alilia mbele yangu. Nikaenda jikoni kwa mama nimejaa hasira. Nikamwambia anatuponza sote kwa ajili ya neno tu.

Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua uso. "Weye uliolewa kwa neno tu," alisema. "Ukaachwa kwa neno tu. Mbona ulilia?"

Nilitoka nikakaa uani. Nilimkasirikia sana, na nilijua kuwa hana kosa.

Nikampigia simu afisa. Sikumsihi, maana na mimi ni mtoto wa mama yangu. Nilimwambia maneno yake ya Konde yamefika, kisha nikamuuliza jambo moja: huo ushuru tusiotozwa, mkubwa fulani anatuhurumia, au ndivyo sheria ilivyo kwa yeyote anayefanya kazi mle? Akasema ndivyo sheria ilivyo. Nikamwambia basi aje, na avae uso mwingine.

Alikuja mwezi ukiwa karibu kuandama. Alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani na sisi, na mara hii chai aliinywa.

"Mama," alisema, "hii ni haki yenu. Hakuna anayekupeni."

"Haki?"

"Haki yenu kisheria."

Mama alinitazama kama kwamba mimi ndiye niliyelificha neno hilo miezi yote ile. "Basi ungalisema haki tangu siku ile, n'ngalitia saini kabla ya kukaa."

Niliandika barua mpya palepale, nikaweka kwamba tunadai haki yetu ya kutotozwa ushuru, na afisa akasema itapokelewa vilevile. Mama akatia jina lake kwa herufi za Kiarabu, zile alizofunzwa chuo cha Kurani utotoni, polepole, na nukta zake zote. Nimewaona watu wengi wakitia saini tangu siku hiyo. Sijaona iliyonipendeza kama ile.

Mashine ilikuja na lori tukiwa tumefunga, na inasaga mpaka leo ndani ya banda letu. Lakini siku ile ya saini, karatasi zikiwa zimeshaingia mkobani, yule kijana hakuinuka. Alikuwa anaivutavuta ncha ya mkeka.

"Mama, kuna maneno niliyasema Konde. Naomba msamaha."

Mama alimtazama kwa muda, na uso wake ukalainika, jambo ambalo sisi watoto wake hatulipati kila siku.

"Haya, huo sasa ndio msamaha," alisema. "N'shakusamehe, mwanangu, duniani na akhera. Na miye unisamehe."

Kijana akashangaa. Akauliza amsamehe kwa kosa gani.

"Nimekusema mno humu ndani. Muulize katibu."

Akanigeukia. Mimi nikainamisha kichwa, nikanyamaza.