Safari ya Pipa kwenda Mwezini

Sisi wachekeshaji wa Changamwe tunamjua vizuri msomaji wa hadithi za roketi: miwani minene kama vitako vya chupa, kaptura inayoning'inia, na akimwona mwanamke humweleza habari za nyota. Karani wa stesheni yetu hana miwani, suruali yake imenyooka kwa pasi ya mkaa, na mkewe humcheka kila siku bila msaada wetu. Lakini tangu lini ukweli ukachekesha harusi? Magazeti yake ya hadithi za roketi aliyapata kwa mabaharia wakati wa vita, akayavika majalada ya karatasi ya sukari, na hafungui ukurasa kabla hajafuta wino kidoleni. Akitaka kumsahihisha mtu huanza na "Samahani kidogo, bwana," kwa sauti ya chini, kama anayeomba chumvi.

Jumapili, kwenye harusi ya jirani yetu Mapenzi, nikamwigiza karani huyo. Nilivaa sufuria kichwani, nikaingia ndani ya pipa na kuuaga ulimwengu. Watu walicheka hadi wakatokwa na machozi. Karani mwenyewe alikaa mbele kabisa, hakucheka wala hakununa. Nilipomaliza akanijia, nami nikajiandaa kutukanwa.

"Samahani kidogo, Bwana Ngowa," akasema, akiigonga ile sufuria kwa kidole. "Hii imeacha uso wazi. Huko juu hakuna hewa. Ungekufa kabla hawajamaliza kucheka."

Kisha akachungulia ndani ya pipa, akashusha sauti zaidi.

"Naona panatosha watu wawili. Mimi Jumapili sina kazi."