Punje Zilizochemshwa

Baba alikuwa na ombi moja tu kabla hajatuacha: kusikia pikapu yake ya dizeli ikinguruma kwa mafuta niliyotengeneza mimi. Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa nasomea kemia mjini, naye ugonjwa ulikuwa umemlaza chumba cha mbele, nyumbani kwetu mtaa wa Jamhuri.

Kazi yangu ilikuwa kugeuza mafuta yaliyokwisha kukaangiwa bhajia, niliyopewa na mama mmoja mwenye hoteli Parklands, yawe dizeli. Kinachoyageuza ni kimeng'enya, protini inayochochea mabadiliko, na changu nilikifungia ndani ya vipunje vya jeli ili kisipotelee kwenye mafuta. Ukimaliza chupa moja, unachuja punje, unazisuuza, unaanza upya. Maabara ilipofungwa kwa likizo nikazibeba nyumbani, nikaziweka pale veranda.

Mama akaziona zimejaa mafuta. Tangu nesi amwambie nyumba ya mgonjwa iwe safi, alikuwa anachemsha kila kitu: vijiko, taulo, hata vikombe vya wageni. Basi akazichemsha. Niliporudi nilizikuta kwenye bakuli, safi kabisa.

"Mama! Umeziua!"

"Nimeua vijidudu."

"Kimeng'enya hakitaki moto, jamani! Ni kama yai. Likishaiva, utapata kifaranga wapi?"

Nililia kwa hasira. Kimeng'enya kingine kilikuwa kitoke ng'ambo, na baba hakuwa na siku za kungoja. Mama aliketi jikoni. Kumbe baba alikuwa anatusikia. Akacheka mpaka akakohoa.

"Muache mama yako. Hata mimi angenichemsha, ni vile sitoshei kwenye sufuria."

Kifurushi kilifika wakati baba hawezi tena kuinuka. Safari hii mama ndiye alikaa na punje, akipima uvuguvugu wa maji kwa kiwiko, vile alivyokuwa akipima ya kutuogesha tukiwa wachanga. Mafuta yalipokuwa tayari nikayamimina kwenye pikapu, mama akafungua dirisha la baba.

Pikapu ikakohoa, ikakataa, halafu ikashika. Ua mzima ukanuka bhajia. Nikaegemea usukani nikilia, sitaki kuizima, maana nilijua ikinyamaza baba hatakuwa na kingine cha kungojea.

Sauti yake ikatoka dirishani, nyembamba, lakini na ukali wake ule ule wa siku zote.

"Zima basi! Unamaliza mafuta!"

Nikazima. Hakuwahi kunigombeza tena.