Mwiko wa Aliyeshindwa

Mwezi wa Agosti nilirudi Kola kusaidia kutoa vyombo katika jiko la zamani la Susu, nyanya yangu mzaa baba, kabla halijabomolewa. Nilikwenda na binti yangu mkubwa, ambaye, aibu iliyoje kwa watu wa nchi kavu kama mimi, amechukuliwa na jeshi la wanamaji na alikuwa amebakiza siku tisa tu aripoti mafunzoni. Tulitoa sufuria zilizotoboka, tukatoa ungo uliotafunwa na panya, tukatoa kinu. Kisha binti yangu akakipindua kinu, akapanda juu yake, akapitisha mkono darini kwenye masizi na kuvuta mwiko mrefu, mweusi tii, mpini wake umeungua upande mmoja na kuchanjwa alama za kisu.

"Mama, hii ni ya nini? Ya kupiga nyoka?"

Nilicheka hadi nikatafuta pa kukaa. Rafiki yangu, mwiko ule umefika mahali wewe na mimi hatujafika, na kama una nafasi kidogo nitakueleza.

Susu alikuwa na wana watatu, na wote watatu walikuwa wanajeshi. Hilo lenyewe si jambo kwetu Ukambani. Kila kilima kilikuwa na nyumba yenye picha ya mtu aliyevaa sare ukutani. Jambo lilikuwa kwamba kila mmoja alijiunga na jeshi lake. Baba mkubwa, kifungua mimba, alikuwa mwanahewa, fundi wa injini za ndege. Baba yangu, wa katikati, alikuwa askari wa nchi kavu. Baba mdogo alikuwa mwanamaji kule Mombasa. Mimi na mama tuliishi hapo hapo kwa Susu, na tangu nipate akili nilikuwa wa nchi kavu. Hayo majeshi mengine mawili nilidhani yaliundwa ili watu wavivu wapate kazi.

Walikuja likizo Desemba, wakati Kola inapopendeza. Mvua ya Novemba imeshanyesha, kunde zimejaa kwenye matuta, udongo mwekundu unashika viatu. Tulikaanga kumbikumbi kwa chumvi kidogo, na tangu asubuhi ulisikia mchi wa Susu ukitwanga mahindi ya muthokoi, du, du, du, mpaka ganda lote litoke. Kelele hiyo ilikatizwa na kitu kimoja tu, nacho ni wanawe.

"Mwanamaji!" baba mkubwa angeita, mdogo wake hata hajatua mkoba. "Umekuja kupiga doria kwa mto?"

Mto wetu, nikwambie, ulikuwa mchanga mtupu. Mvua ikipita, maji nayo yamepita, na mama zetu walichimba kwa bakuli ndipo wapate ya kujaza jerikeni. Kijana wa mto huo kwenda kuwa mwanamaji ni jambo ambalo majirani hawakuacha kulicheka mpaka alipostaafu.

"Wewe nyamaza," baba mdogo alijibu. "Mtu amekaza nati za ndege miaka kumi na nane. Wewe ni mwanahewa ama ni wa gereji?"

"Nimepanda ndege mimi!"

"Mara moja. Na ukatapika. Mama alituambia."

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwangoja wachoke, kisha akasema taratibu huku akipuliza chai yake, "Mkimaliza kuogelea na kupaa mniambie. Si mtarudi chini? Chini ni kwangu." Nami nilipiga makofi peke yangu.

Mabishano hayo ndiyo yaliyozaa shindano. Krismasi asubuhi, kila mmoja alitandika kitanda kama anavyotandika kambini, akapiga pasi shati moja kwa pasi ya makaa, na akang'arisha viatu vyake. Vyote vilipangwa uani, hata vitanda, na kuku wakafukuzwa. Hakimu alikuwa Susu. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akazunguka mikono nyuma, akainama, akanusa shati, akabonyeza blanketi kwa kidole, akaguna. Hakuwahi kumtaja mshindi. Alitaja aliyeshindwa tu.

Aliyeshindwa alisonga ugali wa Krismasi wa boma zima kwa mwiko mmoja mkubwa ambao jirani yetu, mchongaji aliyetoka Wamunyu, aliuchonga kwa ajili hiyo, mrefu kama mguu wangu wa wakati huo. Aliyeshindwa ndiye aliyechanja alama yake mpinini: ndege, wimbi, au kiatu. Halafu, na hii ndiyo iliyokuwa adhabu kamili, alirudi na mwiko huo kambini kwake na kukaa nao mwaka mzima, mpaka aurudishe Krismasi iliyofuata kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna kuutuma na mtu. Baba mdogo alieleza jinsi askari wa lango alivyougeuza geuza, akamwita mkubwa wake, na mkubwa naye akamwita wake, mpaka wakawa watu watano wamesimama juani wakiuliza silaha hiyo inatumika vipi.

Sasa nije kwenye Krismasi niliyokuwa darasa la tano, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kitanda cha baba siku ile, nakwambia bila upendeleo ingawa ninao mwingi, kilikuwa cha kutoa machozi. Pembe za blanketi zilikuwa kama zimekatwa kwa wembe. Nilidondosha kifuniko cha soda juu yake kikaruka. Baba mdogo, kwa upande wake, alikuwa ameunguza kola ya shati, na kiatu kimoja cha baba mkubwa kilikuwa na kinyesi cha kuku. Nilianza kucheka mapema.

Susu alizunguka mara moja. Akazunguka tena. Akasimama mbele ya kitanda cha baba kwa muda mrefu, kisha akanyoosha kidole.

"Huyu ndiye ameshindwa."

"Susu!" nilipiga kelele. "Angalia hiyo kola! Si imeungua?"

"Nimeona kola. Niko na macho. Nimesema ni huyu."

Baba mkubwa na baba mdogo walishangaa kuliko mimi, kisha wakashangilia kama wezi walioachiliwa. Baba alimtazama mama yake kidogo, akainama, akaupokea mwiko kwa mikono miwili. Mimi nilikataa kula ugali ule, ingawa ni yeye aliyeusonga, na sikumwamkia Susu siku mbili. Moyo wangu ulikuwa umejaa. Nilikuwa sijawahi kuona uonevu wa wazi hivyo.

Januari baba alipelekwa kulinda amani katika nchi moja ya Afrika Magharibi. Mwiko ulikwenda naye, umefungwa kando ya begi lake kubwa la kijani. Mwanzoni barua zilikuja. Aliandika kwamba mvua ya huko haijui kuacha, na kwamba mwiko umepata umaarufu katika kikosi. Kisha, karibu na Pasaka, barua zikakoma. Siku moja, kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana, redio ilisema kuna walinda amani waliozingirwa na waasi na hawajulikani walipo. Haikutaja majina. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua, lakini niliona anatupa mazuri pamoja na mabovu.

Pasaka, baba zangu wawili walikuja bila kuitwa, na walikuja pamoja, jambo ambalo hawakuwahi kufanya. Nilitarajia wangenyamaza. Walianza mlangoni.

"Ati jeshi la miguu limepotea," alisema baba mkubwa. "Si nilisema wapewe ndege?"

"Huyo hajapotea," baba mdogo akasema. "Ametoroka na mwiko wetu."

Nilisimama katikati ya uwanja nikawatukana. Sitarudia nilichosema, mtoto mwingine angechapwa. Hakuna aliyenigusa. Nilikimbilia nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, nikalia huko peke yangu.

Niliporudi nilipitia upande wa jiko, na hapo ndipo nilipomwona baba mkubwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, na mapajani mwake alikuwa na buti za baba, zile kuukuu alizoziacha chini ya kitanda. Mtu aliyeapa kila Krismasi kwamba hawezi kushika kiatu cha nchi kavu hata kwa koleo alikuwa akizing'arisha kwa kitambaa kidogo, duara ndogo ndogo, akitemea mate, akisugua. Baba mdogo alikuwa kando yake ameshika mkebe wa rangi ya viatu. Mabega ya baba mdogo yalikuwa yakitikisika.

Niliingia jikoni nikamkuta Susu, naye alikuwa akiwatazama kupitia mlango. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa na swali tu.

"Susu, kwa nini ulisema baba ameshindwa? Kitanda chake kilikuwa kizuri."

"Ilikuwa nzuri kuliko zote," alisema. "Hata mimi sijawahi ona kitanda kama hiyo."

"Sasa?"

Aliongeza kuni, akapuliza moto kwanza. "Mwenye kubeba mwiko lazima airudishe na mkono yake. Si hiyo ndiyo sheria? Nilijua wanampeleka huko, na nilikuwa nimesikia kwa redio vile hiyo nchi iko. Sasa, mwana wakwa, ningempa nini ingine?"

Hapo nikakumbuka alama za mpinini. Wimbi la baba mdogo lilichanjwa mwaka aliopangiwa meli kwa mara ya kwanza. Ndege ya baba mkubwa ilichanjwa mwaka aliohamishiwa mpakani. Mimi nilidhani Susu anahukumu vitanda.

Baba alirudi siku ya Jumatano, saa kumi jioni, mwezi wa sita. Nilikuwa juu ya tuta nachuma majani ya kunde, na nilipotazama barabarani sikumwona yeye kwanza. Niliona mwiko. Ulikuwa umechomoza juu ya begi, unayumba, unapanda kilima. Nilizitupa kunde zote. Sikumbuki nilivyoshuka, nakumbuka tu harufu ya sare yake, moshi na jasho na sabuni ngeni, na jinsi mifupa ya mgongo wake ilivyokuwa imetokeza mikononi mwangu.

Mama alimshika mkono hakuuachia. Susu alitoka jikoni akifuta mikono, akampita mwanawe, akauchomoa mwiko begini, akaugeuza.

"Umeichoma," alisema.

"Tulizingirwa wiki saba, mama," baba alisema. "Sufuria ilikuwa moja, na hakukuwa na mwiko mwingine. Nimesongea watu arobaini na hiyo."

"Lakini umeirudisha."

"Nimeirudisha."

Ndipo Susu akaketi chini, palepale kwenye udongo, na gauni lake safi, akaukumbatia ule mwiko, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja mbio wakidhani ni msiba. Walipomwona baba, wakaanza nao kulia na kucheka pamoja. Uzito nilioubeba kifuani tangu Pasaka ulinitoka wote siku ile, na nililala kabla ya chakula.

Jumamosi ndugu zake wakafika. Baba alikuwa ameketi kivulini mwa jiko, amevaa zile buti zake zinazong'aa kuliko alivyoziacha. Walisimama mbele yake bega kwa bega, mwanahewa na mwanamaji, wakakaza miguu, wakampigia saluti. Hawakucheka. Baba akainuka, akaijibu. Ilidumu labda muda wa pumzi tatu.

"Haya," baba mdogo akasema, "nani amekuruhusu kuchoma mali ya serikali?"

Na hapo tukarudi kwenye matusi yetu, ambayo ndiyo nyumbani kwetu.

Susu hayupo sasa, wala baba mkubwa. Kinu hakitwangi, muthokoi tunanunua imefungwa kwa karatasi, na matuta yamemezwa na magugu. Vitanda vitatu uani Krismasi hata sijui vilienda wapi. Baba yupo, namshukuru Mungu, anaishi Machakos mjini na magoti yake mabaya, na alipopata habari za mjukuu wake alisema kaya imeingiliwa na maji. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama bado nakumbuka mwiko ulipowekwa.

Usiku wa siku ile ya kutoa vyombo tulilala nyumba kubwa. Asubuhi binti yangu alitandika kitanda kwa namna alivyosikia watatakiwa kutandika huko aendako, akaniita nikague. Nilikunja mikono nyuma. Nilibonyeza blanketi kwa kidole. Pembe zilikuwa zimenyooka, shuka halina hata mkunjo mmoja, na nilijua kwamba mahali popote duniani kitanda kile kingeshinda.

"Umeshindwa," nilimwambia, nikamkabidhi mwiko.