Tarumbeta la Kambi Iliyofungwa

Nakumbuka asubuhi niliyoirudisha kambi ya jeshi kijijini kwetu peke yangu, bila bunduki, kwa tarumbeta la bendi ya shule. Huo ndio ujinga wangu, mwanangu, nimeutanguliza mwenyewe kabla hujausikia kwa wengine. Na usicheke nikikuita mwanangu. Mimi niko kidato cha tatu, wewe cha kwanza, na huku kwetu Nyamira aliyetangulia kutahiriwa hata kwa Desemba moja ni mzee.

Kambi yenyewe iko juu ya kilima, imezungukwa na chai. Wanajeshi walipokuwepo, tarumbeta lao ndilo lilikuwa saa yetu. Likilia alfajiri, ng'ombe wanakamuliwa. Likilia jioni bendera ikishuka, wachuma chai wanafunga magunia. Ijumaa ndipo lilipokuwa na kazi kubwa zaidi, maana jua likizama Sabato inaingia. Kijiji kizima cha Wasabato kilikuwa kinaweka majembe chini kwa kusikia tarumbeta la mwanajeshi ambaye pengine ni Mwislamu wa Lamu, na hakuna mhubiri aliyeona ajabu.

Kisha serikali ikaamua kambi ifungwe. Tulisikia redioni kama watu wengine. Naibu wa chifu akaitisha baraza, nami nikanyoosha mkono.

"Hiyo serikali iliyoamua, ilikuja huku kuangalia?"

"Kijana, kaa chini."

"Nimekaa. Ilikuja?"

"Serikali haiji. Serikali huamua."

Watu wakacheka, hata mimi. Lakini swali lilibaki likinikereketa kama unga wa pilipili. Anayeamua ni nani hasa? Yuko wapi anapoamua? Anajua kwamba pale langoni kuna mtu?

Langoni alikuwepo mama yangu. Alikuwa na kibanda cha chai ya maziwa, ugali na chinsaga, ile mboga yetu chungu ambayo wanajeshi wageni walianza kwa kuikunjia uso wakaishia kugombania mchuzi wake. Wanajeshi hao aliwaita "watoto wangu." Malori yalipowachukua, chakula chetu sisi nacho kilipanda lori. Mama alihangaika mpaka rafiki yake akamtafutia kibanda cha kupikia kule Daraja Mbili, sokoni Kisii. Mwenye kibanda akamwambia afike Jumatatu asubuhi na sufuria zake, maana wanaokitaka ni wengi.

Sasa sikiliza. Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo, mzee mmoja wa kanisa alikutwa analima giza likiingia. Alipoulizwa, akasema alikuwa anangojea tarumbeta. Nilicheka, kisha nikaanza kujiuliza: kama watu wanangojea sauti wanayojua haipo, itakuwaje wakiisikia? Nilikuwa nyumbani kwa likizo fupi, na tarumbeta la shule nilikuwa nimepewa nifanyie mazoezi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga. Niliwasikia vizuri. Nikadhani wanamwambia jirani.

Jumatatu alfajiri nikapanda mpaka kwenye chai iliyo karibu na ua wa kambi, nikapuliza ule wimbo wao wa kuamka. Kisha nikalala kifudifudi kuangalia. Taa zikawaka bonde zima. Mtu akapiga mbinja. Watoto wakakimbilia barabarani kutafuta malori. Nilicheka mpaka umande ukaniingia tumboni, halafu nikashuka kwa njia ya kupitia langoni.

Mama alikuwa pale. Furushi la safari alikuwa amelifungua, sufuria kubwa iko motoni, na yeye anachambua mboga kwa haraka, leso imemlegea kichwani.

"Mogaka, umesikia? Wamerudi. Hebu puliza huu moto."

"Na Daraja Mbili, Mama?"

"Nimempigia mwenye kibanda. Nimemwambia ampe mwingine, watoto wangu wamerudi."

Tarumbeta nilikuwa nimelificha mgongoni. Nilitafuta uongo, mimi ambaye uongo hauniishii, nikaukosa. Nikalitoa.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga, kofi huisha. Aliliangalia, akaliangalia lango na kufuli lake, kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilitaka kujua kama watu wataamini."

"Wameamini. Sasa umejua."

Tulimimina chai kwenye chupa kubwa, tukaenda Daraja Mbili hivyo hivyo. Kibandani alikuwa ameshaingia mama mwingine, vitunguu vyake vinanukia, na hakuwa na kosa lolote. Mama akamsalimu, akamtakia biashara njema, kisha akazunguka kati ya marundo ya ndizi akiuza chai kwa kikombe, mimi nyuma yake na ndoo ya kuoshea. Mpaka leo anauza hivyo, amesimama.

Mwanangu, kutaka kujua hakujaniishia, na sikuombei kukuishie. Lakini siku ile nilimpata yule niliyemtafuta barazani. Alikuwa mimi. Niliamua jambo la watu nikiwa juu kilimani, nikalala chini kuangalia watakavyohangaika, na sikujua mama yangu mwenyewe amefungasha nini. Nasaha basi siyo yangu, mimi hata ndevu sina. Ni ya Mama, aliyoisema jioni hiyo tukiwa tumekaa juu ya gunia tupu, nami nakupa kama alivyonipa:

"Wewe uliza tu, Mogaka, usiache kuuliza. Lakini siku wakikupa kiti cha kuamua mambo ya watu, shuka kwanza uende uone kila mtu ameweka nini motoni. Na mtu anayengojea kitu kwa moyo wote, usimjaribu kwa kitu hicho. Mungu akupe mdomo wa kuuliza na miguu ya kwenda kuona. Sasa suuza kikombe, yule muuza ndizi tangu asubuhi hajanywa kitu."