Maembe Hamsini Yasiyo na Doa

Kuunusuru mwembe wangu wa hapa Njoro kumenigharimu msimu mzima wa maua, mfuko wa salfa na siku tatu za kununiwa na mume wangu. Nimehesabu mara mbili. Siku za kununiwa zilikuwa nne, ila moja tulikuwa na wageni.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nimezaliwa kule juu kwenye kahawa, na mtu wa kahawa akiona doa jeusi anasema ni chule, ule ugonjwa wa kuozesha buni, anakimbilia mrututu, dawa ya shaba ya kuua ukungu. Maua ya mwembe yalipoota unga mweupe, na maembe machanga yakaanza kudondoka na madoa, nikamwomba kaka yangu mrututu uliobaki shambani kwake. Nikapiga saa sita mchana, maua yakiwa wazi, kwa kipimo kile kile cha mibuni. Baada ya wiki maua yote yalikuwa kama yameunguzwa na pasi.

"Sasa ukatwe," mume wangu akasema. "Hapo vinakaa vyumba viwili vya kupangisha."

"Nipe msimu mmoja."

"Utanipa maembe mangapi?"

"Thelathini."

"Mti wote huo, mama watoto? Hamsini. Na yasiwe na doa."

Tukashikana mikono. Muuza pembejeo akamaliza kwanza kunicheka, kisha akaniuzia salfa ya kupiga asubuhi mapema, kabla maua hayajafunguka. Nikapunguza matawi hadi jua likapita katikati, nikafagia majani yote yaliyoanguka na kuyachoma. Jirani akauliza kama tunahama.

Msimu huu nikavuna, mume wangu amesimama pembeni. Arobaini na sita safi. Nikarudia kuhesabu. Arobaini na sita.

"Makubaliano ni makubaliano," akasema.

"Tulikubaliana juu ya mti unaokufa. Huu uko hai. Huyo fundi wako wa kukata akija, aje na chakula chake, maana mimi hapa chini sitoki."

Akanitazama, akautazama mti. "Basi mwakani. Hamsini na matano, hayo matano ni riba."

Salfa imeuweza ule unga, ila madoa meusi bado yapo. Nyie wenye miembe huko Kwa Sadala, nisaidieni: mrututu nikiupiga mapema, maua yangali yamefumba, nichanganye kiasi gani kwa bomba la lita kumi na sita, na nirudie baada ya siku ngapi? Ushauri wa kukata msinipe, nyumbani upo wa kutosha.