Kidoa cheupe kwenye jicho la Bi Mwanahawa

Leo nimegombezwa kwa ajili ya kidoa kidogo kuliko punje ya mchele.

Nilipanda Uluguru kumpiga picha Bi Mwanahawa, bibi yake rafiki yangu. Picha ya kutundika sebuleni.

Mimi taa situmii, mnanijua. Nikamkalisha mlangoni, uso nje, na mwanga wa asubuhi ukang'aa ndani ya macho yake.

Jamani, alipendeza!

Nikamwonyesha kwenye simu. Akaikuza. Akanuna.

"Hiki cheupe nini? Watasema nina mtoto wa jicho. Futa."

Nikampa shikamoo ya pili, nikamwambia sifuti, huo ndio mwanga wenyewe.

"Futa!"

Haya. Nikafuta vidoa vya macho yote mawili palepale, nikampa simu.

Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Mbona kama maiti?"

"Si umesema nifute, bibi?"

"Nirudishie mwanga wangu. Siku yangu ikifika nitakufa mwenyewe, usiniwahishe."

Nimerudisha!

Na nyie mnaonisumbua kila siku nifute hivyo vidoa, sifuti tena cha mtu. Anayebisha apande mlima akabishane na Bi Mwanahawa.